Kisu Kilichokunjika Arobaini ya Mama

Waliokuwepo siku ya arobaini ya mama ni hawa: mimi, mkubwa wa nyumba; mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado anasoma; mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, aliyekuwa bado akimwita mama usingizini; mjomba, kaka yake mama; mwalimu wa chuo, aliyetufundisha Kurani sote; bibi jirani, mjane wa shamba la chini yetu; majirani wa kiume waliokuja kusoma hitima na wake zao waliokuja kupika; na baba mdogo, aliyepanda kutoka Magoma, chini ya mlima, na begi la visu. Namtaja mwisho kwa sababu mpaka leo kumtaja kunanichosha.

Visu vyenyewe vilikuwa vya kukunja, vya Kichina. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ambayo juzi tu yalikuwa na vumbi kwenye rafu yalijaa ghafla tochi, kandambili, kufuli, redio, nyembe, kila kitu kinang'aa na kila kitu bei ndogo. Baba mdogo alikuwa ameacha jembe akatandika turubai Magoma, akawa anauza chochote kilichoshuka kwenye basi la Tanga. Safari hiyo vilishuka visu. Mpini ulikuwa wa plastiki iliyopakwa rangi ionekane mbao. Ukivuta kwa ukucha, ndani yake kilitoka kisu, kikatoka kifungulia chupa, kikatoka na kitu kilichojisokota kama mkia wa kinyonga, ambacho hata yeye mwenyewe muuzaji hakujua kazi yake. Nyumbani kwetu chupa ilikuwa moja, ya mafuta ya taa, na kizibo chake kilikuwa gunzi.

Baba alikuwa ametangulia zamani. Mama alipoanza kuugua nilikuwa darasa la tano, nikaacha, maana mtu wa kumgeuza kitandani na kulima maharage alikuwa mimi. Sikuacha kwa kusukumwa na mtu. Nilimwambia mwalimu mkuu kwaheri nikarudi nyumbani kupalilia. Kwa hiyo mama alipofariki sikuogopa kazi. Niliogopa baba mdogo. Habari zilikuwa zimepanda mlima kabla yake: kwamba hitima ikiisha atasimama mbele ya wazee na kutugawa. Wa kiume angeshuka naye Magoma akakae kwenye turubai. Wa kike angepelekwa Tanga kuwa mtumishi wa ndani kwa mtu. Mimi ningeolewa na mwanamume ambaye alishaniona mara moja gulioni na kuridhika. Nyumba na shamba angeviangalia yeye.

Nilitaka jambo moja: tubaki watatu chini ya paa lile. Nikajiambia kwamba arobaini ikienda vizuri, watu wakala wakashiba, dua ikasomwa, wazee wataona nyumba ina mtu. Mbuzi alikuwepo, dume jeusi alilolifuga mama mwenyewe. Mchele niliupata kwa kuuza mapeasi yote, hata yale mabichi.

Baba mdogo alifika asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye migomba. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akauliza kama kuna kigoda. Alipokaa alifungua begi akaanza kuwauzia wageni. Msibani. Wanaume waliokuja kumsomea mama hitima walikuwa wanakunja na kukunjua visu kama watoto waliopewa kiberiti.

"Kisasa hiki," alisema. "Kinaingia mfukoni. Hakishiki kutu, imeandikwa hapa kwa Kizungu."

"Na huu mkia?" mmoja akauliza.

"Huo ni wa kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Ukinunua utaijua."

Watu walicheka, na baadhi walinunua. Sikucheka. Nilikuwa nimeshika kisu cha baba, kilichofuliwa na mhunzi kutoka kwenye springi ya lori, mpini wake wa mti umelainika kwa mikono ya watu ambao sasa wote wako chini ya ardhi. Nilikuwa nimekinoa tangu jana yake. Nilimpelekea mwalimu kwa mikono miwili.

Baba mdogo akadakia. "Mwalimu, weka hilo panga la kale. Leo utachinja na hiki, nakupa zawadi. Watu waone."

Watu waone, ndivyo alivyosema. Alitaka mbuzi wa mama awe tangazo la biashara.

Mwalimu hakuwa mjinga, na sitaki mtu amcheke. Alikipokea, akakipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, akanyoa nacho vinywele vya mkononi. Kilikata. Vikiwa vipya vyote hukata. Dini inataka kisu kikali ili mnyama asiteswe, na kile kilikuwa kikali kuliko cha baba, lazima niseme hivyo. Kwetu kisu hupimwa makali. Hakuna aliyewahi kupima mgongo, kwa sababu tangu babu zetu hakuna aliyewahi kuona kisu chenye goti. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, akanirudishia kisu cha baba, nami nikakipeleka ndani. Baba mdogo ni mkubwa wangu. Sikuwa na ulimi wa kumbishia mbele ya watu.

Mbuzi alilazwa kuelekea kibla. Mjomba alishika miguu. Mwalimu alisoma bismillahi, akatia kisu, akavuta. Mbuzi alifurukuta, kama mbuzi yeyote anavyofurukuta. Mwalimu alipokuwa anarudisha mkono, kisu kikajikunja. Hakikuvunjika, kilijifunga tu chenyewe, na vidole vya mwalimu vikiwa ndani.

Alipiga ukelele akakirusha mbali. Mjomba alidhani kazi imekwisha, akalegeza miguu. Mbuzi akasimama, koromeo limekatwa nusu, akakimbilia kwenye maharage. Mdogo wangu wa kike aliruka ndani kuchukua kisu cha baba, nami nikamkimbilia mbuzi, lakini nilipomfikia alikuwa ameshaanguka kando ya mfereji, macho wazi. Mdogo wangu akafika na kisu, akakishusha taratibu.

Mwalimu alikuja amefunga mkono kwa kilemba chake, kimelowa damu. Aliinama, akagusa jicho la mbuzi.

"Amekufa kabla hajachinjika," alisema. "Kibudu. Haliwi."

Jikoni wanawake walikuwa wameshabandika maji ya nyama. Nilimtazama baba mdogo, nikasubiri aseme neno la mtu mzima.

"Mbuzi mwenyewe alikuwa mkorofi," akasema.

Kisha akageukia wazee, na sauti yake ikapata nguvu, kama mtu aliyeona mlango umeachwa wazi. "Mnaona wenyewe. Nyumba haina mwenyewe hii. Hata mbuzi wa hitima amewashinda watoto. Ndiyo maana nasema niwachukue."

Mimi si mtu wa kulia. Nilichukua jembe nikaanza kuchimba shimo la kumfukia mbuzi, kwa sababu lazima mtu achimbe. Nikiwa nachimba nilijua kwamba kila donge ninalotupa linaniondolea wadogo zangu.

Bibi jirani alikuwa amekaa juu ya mzigo wa kuni aliotuletea. Alikuwa anazungumza Kishambaa tu akiwa na watu wa kwake. Siku hiyo alizungumza Kiswahili, ili baba mdogo asije akasema baadaye kwamba hakusikia vizuri.

"Wewe binti," aliniita. "Acha shimo hilo kidogo. Unataka mbuzi?"

"Nataka, bibi."

"Ninaye jike, jekundu. Utanirudishia?"

"Nitarudisha."

Baba mdogo akaingilia. "Bibi, mpe tu. Deni hilo ni langu, mimi ndiye baba yao sasa."

"Wewe?" Bibi alimtazama kuanzia kandambili zake mpya mpaka kofia. "Wewe unakaa Magoma. Nikikudai nishuke mlima na magoti haya? Halafu utanilipa nini, mkia wa kinyonga?"

Wanaume walicheka, hata wale waliokuwa na visu mfukoni.

"Lakini huyo ni mtoto," baba mdogo akasema.

"Mbuzi wa hitima hukopeshwa mwenye nyumba," bibi akasema. "Ni desturi, sikuileta mimi. Basi niambieni, wazee. Mwenye nyumba hapa ni nani?"

Mjomba, ambaye tangu asubuhi hakuwa amezungumza, alifuta mikono yake yenye damu kwenye majani ya mgomba.

"Ni huyu," akasema, akinielekezea kidevu.

"Na deni lina mashahidi," mwalimu akaongeza, mkono wake ameuinua kifuani. "Shahidi wa kwanza mimi."

Jike jekundu alichinjwa na mjomba kwa kisu cha baba. Kilikuwa kizito na hakikuwa na goti. Kwa kisu sitaki sifa nyingine. Watu walikula wakashiba, hitima ikasomwa, mama akaombewa. Kisha, kama ilivyotabiriwa, baba mdogo alisimama kutugawa.

Bibi hakumwacha amalize. "Mdaiwa wangu hahami mpaka nilipwe," alisema. "Na mbuzi hafugwi na mtu mmoja. Huyu wa kike ndiye atakayekata majani, huyu wa kiume ndiye atakayechunga. Ukiwachukua, mbuzi wangu atatoka wapi? Magoma?"

Wazee walinong'onezana Kishambaa, kisha mjomba akasema jambo hilo lisubiri mpaka deni lilipwe. Baba mdogo alifunga begi lake. Alipokuwa anashuka, mmoja wa walionunua alimkimbilia kumrudishia kisu, naye akamwambia bidhaa ikishatoka hairudi.

Jioni hiyo nilimsindikiza bibi mpaka kwenye mpaka wa shamba. Nilimwambia nitajitahidi, mwakani inshallah. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Nani amekwambia una haraka?" akasema.

Kile kisu tulikikuta wakati wa palizi, katikati ya maharage. Mdogo wangu wa kike alikisugua akasoma yale maandishi ya Kizungu, akanieleza maana yake: chuma kisichoshika kutu. Kutu ilikuwa imeanzia kwenye herufi zenyewe.

Siku hizi nauza mapeasi na kabichi kwenye gulio la Lushoto, na jirani yangu wa turubai ni kijana anayeuza visu vile vile. Mpini umebadilika rangi, kinyonga yumo. Watu wakija huniuliza mimi, kwa kuwa mimi siviuzi: mama, vinafaa? Nawaambia kwa kumenya chungwa vinafaa, kama chungwa lenyewe halina haraka. Nawaonyesha pini ndogo inayoshika kisu na mpini, nyembamba kama msumari wa kiatu. Nawaambia wakikunjue, wakibonyeze mgongo kwenye ubao, wakiangalie kinavyopiga goti. Ukinunua kila mwaka kwa kuwa ni rahisi, umenunua vingi na huna kisu. Kijana hukasirika.

"Mama, unaniharibia. Bei ya kutupa hii!"

"Basi kitupe," namwambia.

Haniamini kwamba sina ugomvi na yeye. Ana wazazi wote wawili, atajifunza.

Bibi bado yuko hai, macho yamepungua. Mara ya kwanza nilipompelekea mbuzi, mdogo wangu wa kike alikuwa anamaliza shule. Bibi alimpapasa mbuzi akasema ni mdogo mno. Mara ya pili alisema wake alikuwa mwekundu, huyu ni wa kahawia. Mdogo wangu wa kike akaolewa kwa hiari yake, na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mwaka huu nilipata jike jekundu, jekundu kabisa, nikamvuta kwa kamba mpaka mlangoni kwa bibi. Alitoka, akasimama, akauliza habari za yule wa kiume.

"Yuko nyumbani, bibi. Anajenga chumba chake. Akimaliza ataoa."

"Chumba kimefika wapi?"

"Kwenye linta. Bado paa."

Akapitisha mkono mgongoni kwa mbuzi, taratibu, mpaka mkiani, kisha akanirudishia kamba.

"Huyu pembe zake hazifanani," akasema.

Nikamrudisha zizini. Bado nadaiwa.