Hodi Kwenye Mahame

Nilipokuwa na miaka tisa, wenzangu wakicheza rede, starehe yangu mimi ilikuwa kuingia nyumba za watu waliohama. Hata sasa ninayo tabia hiyo. Nikiona stesheni iliyofungwa au nyumba ya shamba la mkonge isiyo na paa, lazima nishuke garini nikachungulie, na wanangu huniuliza kama nimepoteza kitu. Huwa nawajibu kwamba naangalia tu. Kisa chenyewe sijawahi kuwasimulia.

Kijiji chetu cha zamani kilikuwa juu mlimani, upande wa Zirai. Wakati wa vijiji vya ujamaa tukashushwa barabarani, karibu na shule na zahanati, na baba yangu akawa balozi wa nyumba kumi. Watu waliondoka na milango, na mabati kwa waliokuwa nayo, hata mawe ya kusagia. Zilibaki kuta, mafiga na makaburi. Haukupita muda mrefu, mipera ikaanza kuota sebuleni kwa watu.

Kila Jumamosi asubuhi mimi na Zaina, binti wa shangazi yangu, tulitumwa kuni. Kuni zilikuwa tele hapo karibu, lakini sisi tulipanda mpaka kwenye mahame. Tuliingia nyumba hadi nyumba, tukibishana nani alilala chumba gani na kuokota tulichokiona: kijiko kilichopinda, kizibo cha chupa ya marashi, kipande cha kioo. Bibi, mama yake baba, alijua. Hakutukataza, maana alijua kwamba tungeenda tu. Alitupa masharti.

"Kila mlango mpige hodi mara tatu, mngoje," alisema. "Kuna nyumba wenyewe hawakuondoka wote. Mkiitikiwa, ingieni, salimieni kwa adabu, kuleni mtakachopewa. Ila mkirudi huku chini msimtaje. Ukimtaja mbele ya watu, umemtoa duniani."

Zaina alicheka mpaka akashika mbavu. Hodi tulipiga, lakini kwa mzaha, tukijiitikia wenyewe kwa sauti za kizee.

Jumamosi moja yenye ukungu tulifika nyumba ya mwisho, ile ya ukingoni mwa msitu. Nikapiga hodi ya kwanza, ya pili. Ya tatu ikaitikiwa.

"Karibuni."

Zaina alitupa kata yake ya kubebea kuni akateremka mlima bila kugeuka nyuma. Mimi nilibaki, na si kwa ushujaa. Miguu ilikataa kabisa. Nilipochungulia nikamwona Mama Ngoda, jirani yetu wa zamani, ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi. Wote tulijua kwamba alikwenda kwa binti yake Muheza. Kumbe alituaga sisi, akazunguka kilima, akarudi kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Baba yako hajambo?"

Alinipa ndizi ya kuchoma na maziwa mtindi kwenye kibuyu. Nilikula nikimkodolea macho, kwa kuwa bado sikuwa na hakika kama ni mtu au mzimu, mpaka alipokohoa. Nikajiambia mzimu haukohoi. Nilipoaga alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililozungukwa na masale, mimea inayopandwa makaburini. Alilala pale Ngoda, mwanawe wa kiume pekee, aliyefariki akiwa mdogo kuliko mimi.

"Nyie mmehamishwa na vitanda vyenu," alisema. "Huyu nani kamhamisha?"

Nikaahidi kunyamaza, na nikanyamaza kweli. Zaina naye, kwa kumwogopa bibi, hakuthubutu kufungua mdomo. Kila Jumamosi nilipanda peke yangu na chumvi kidogo, au kibiriti nilichokificha kwenye kanga. Nilimpenda yule mama. Alinisikiliza kama mtu mzima, na hakuna mtu mwingine aliyenisikiliza vile.

Kisha masika yakaja. Paa lake la nyasi likavuja, kikohozi kikamshuka kifuani, na siku moja nikamkuta amelala moto umezimika. Niliuwasha nikiwa nalia. Nikashuka nikijua kwamba nikinyamaza atakufa, na nikisema atakufa vilevile, kama bibi alivyotuonya. Jioni, tumekaa tunakula bada, ugali wa muhogo, nikasema.

Bibi akaweka tonge chini. Baba hakunigombeza. Alinawa mikono, kisha akasema, "Sasa nimejua. Balozi akishajua hawezi kujifanya hajui."

Asubuhi walipanda wanaume wanne na machela. Walimshusha taratibu, wakimwita mama, na baba alimpa chumba chetu cha mbele. Zahanati walimpa dawa, na kikohozi kikapona. Nataka hilo lieleweke: kikohozi kilipona kabisa. Lakini chakula alikuwa anakionja tu, na kutwa alikaa barazani akiutazama mlima. Mahindi hayajakomaa, akafariki. Baba mwenyewe aliongoza wanaume kumpandisha tena, wakamzika kando ya Ngoda.

Nilimuuliza bibi kama ni mimi niliyemuua. Akanivuta akanipakata, mkubwa vile nilivyokuwa. "Wewe ulimhurumia," alisema. Aliishia hapo, na mimi sikumuuliza tena.

Nimekuwa mtu mzima, nimeuguza wazazi wangu na kuwazika, wala siamini kwamba kumtaja mtu kunamuua. Lakini kuna jambo ambalo sikumwambia baba jioni ile, na sikumwambia yeyote mpaka baba naye alipofariki. Siku ile nilipowasha moto, Mama Ngoda alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wakijua, waambie waniletee nyasi za paa. Wasiniletee machela." Nilimsikia vizuri sana. Nyumbani nilisema anaumwa, paa linavuja, yuko peke yake, na hilo la nyasi nikaliruka. Sikusahau. Nilitaka ashuke, akae kwetu, niwe naye kila siku. Baba yangu alikuwa fundi wa kuezeka, na wanaume wanne wangemaliza lile paa kabla ya adhuhuri.