Maiti wa Kukodiwa wa Asokwa

Naapa kwa magoti yangu haya yanayouma, hapa sijaongeza chumvi hata punje.

Saa tatu asubuhi, katika ua wa nyumba moja ya Asokwa, Kumasi, Yaa Frimpomaa anapanda ndani ya jeneza. Ndiyo kazi yake. Waongozaji wa filamu wakitaka maiti, humwita yeye. Hulipwa sidi themanini kwa kila mazishi, na baadhi ya majirani hawampi mkono.

Kila akilazwa, dada yake Birago hukaa kando. Kifuniko kikiondolewa, Birago humwita kwa jina lake, ndipo anainuka.

"Ukilala humo bila wa kukuita," anasema Frimpomaa, "roho inadhani safari imeiva."

Leo Birago yuko nje ya geti. Serikali imeleta mpango wa kukuza filamu za nyumbani, na fungu lake la fedha ni la wenye vitambulisho vya fani tu. Bwana Dankwa, afisa aliyetumwa kukagua, alimuuliza, "Mama, fani yako nini?"

"Kuita."

"Kuita si fani. Toka."

Frimpomaa anashika ukingo wa jeneza. "Sarpong mwanangu," anamwambia mwongozaji, "mrudishe dada yangu."

"Mama, tukikosa hilo fungu, wote tunarudi kuuza vitunguu. Lala kidogo tu."

Analala. Kifuniko kinashuka. Waombolezaji wanalia. Kinapofunguliwa, haamki.

"Mama Maiti! Tumemaliza!"

Mwombolezaji mmoja anaacha kulia kwa uongo, anaanza kulia kweli.

"Mwiteni kwa jina lake!" Dankwa anafoka, jasho likimchuruzika.

Watu wanatazamana. Miaka yote wamemwita Mama Maiti tu.

Afisa anatimua mbio hadi getini, anarudi akimvuta Birago.

"Frimpomaa! We Yaa Frimpomaa! Wale watoto wako walafi unamwachia nani?"

Jicho moja linafunguka.

"Niliwasikia," anasema baadaye, akipuliza kikombe cha uji. "Ila walikuwa wanamwita mtu mwingine. Na nilimsikia akiitika."

Dankwa ameahidi kuita kutaandikwa kuwa fani. Frimpomaa hataki zaidi: "Birago apate kitambulisho. La sivyo, watafute maiti mwingine."

Katika kisa hiki niliandika pia kwamba mimi mwenyewe nilisimama kando ya jeneza bila kupepesa. Nilipowasomea kina dada hao, Birago akaangua kicheko.

"Mzee Agyekum! Si nilikukuta nje ya geti, unahema kama mbuzi?"

Faini ya uongo kwao ni chupa ya jini, ile pombe kali. Nikainunua. Birago akamimina kidogo chini, kama wanavyoitwa wafu, akamwita mdogo wake Frimpomaa kwa jina, ingawa alikuwa ameketi pale pale, akitutazama.