Chuma cha Pembezoni mwa Itale

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile bwana madini, afisa wa serikali wa kutafuta madini, alipopanda kilima cha nyuma ya kijiji chetu cha Kwai. Zilikuwa enzi za Ujamaa, na tulikuwa tumeambiwa kwamba kijana anayeyajua mawe atachukuliwa kazini Tanga.

Nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha mawe kilichochanika, nikikariri jioni huku mama akichambua maharage. Nikikosea neno moja, naanza upya. Binamu yangu Eliezeri hakusoma chochote. Alikuwa na sumaku na kicheko, na watu walimpenda. Nilimwonea wivu. Hasidi hana sababu.

"Twende wote tukatafute chuma kilimani," aliniambia. "Wewe una maneno, mimi nina sumaku."

Nilimjibu nina palizi. Nilijua chuma hukaa pembezoni mwa mwamba wa itale, lile jiwe gumu la madoadoa, lakini pembezoni alishaanza kuchimba yeye. Nikaenda kugonga sururu katikati, peke yangu, bure.

Basi asubuhi ile bwana madini akalipima mkononi jiwe jeusi, zito, la Eliezeri. "Limefikaje hapa?"

"Hapo mzee sitakudanganya," akacheka Eliezeri. "Muulize huyu ndugu yangu, ndiye anayejua."

Watu wakanigeukia. Jibu lilikuwa ulimini: mwamba wa itale ulipanda kutoka chini ukiwa umeyeyuka, maji yake ya moto, yaliyobeba chuma, yakapenya kwenye mawe ya chokaa yaliyouzunguka, chokaa ikayabadili, nayo yakakiacha chuma palepale yalipokutana nayo. Lakini nikaona jiwe lake litapambwa na maneno yangu.

"Sijui," nikasema.

Bwana madini akafunga mkoba. "Nilitaka wawili." Akaondoka na mmoja.

Mama alikuwa miongoni mwa watu wale, tukarudi pamoja. Mlangoni akasema, "Maneno yale hata mimi nimeyashika kwa kuyasikia. Si wewe uliyesema mwamba ule usipokutana na chokaa, chuma chake hakikusanyiki?"

Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Unachokijua kitoe, hata kikimpamba unayemwonea wivu. Sitakudanganya kwamba wivu wangu umekwisha. Eliezeri akija likizo bado unanichoma. Ila siku hizi unanichoma huku nikisema ninachokijua.

Mungu akukutanishe na mtu asiyefanana nawe, kama itale na chokaa, na joto lako lisipoe kabla hujamfikia.