Neno la Kapteni Kwenye Lango la Ruiru

"Ruru," Njeru alisema, na bunduki ikalia.

Tulikuwa kwenye lango la shamba la kahawa, hapo Ruiru, asubuhi, ukungu umelala chini hata buti zako huzioni. Njeru alikuwa mbele, mikono juu, vile tulifundishwa. Upande wa pili wa lango nilisikia sauti ya Sajini Barasa: "Afande, huyo ni kama Njeru." Halafu ya Kapteni Wickham: "Neno si hilo. Piga." Nikapaza sauti, "Lulu, lulu," lakini Barasa alikuwa ameshapiga. Njeru alianguka kwa uso. Risasi nyingine ikanivunja goti.

Hapo ndipo safari yetu ilifika. Sasa niwaambie ilitoka wapi, kwa maana watu wa kwetu wamesikia maneno mengine.

Nyumbani kwetu ni mashariki ya Thika, upande wa Ukambani. Wakati wa hali ya hatari, Waingereza wakipigana na watu wa msituni, nilikuwa koplo, masomo yangu ni darasa la nne tu. Nikiwa likizo nikapata habari kwamba jeshi linachagua Waafrika wachache wafundishwe uofisa, cheo kile cha efendi. Baba hakunizuia. Alisema, "Enda. Ukirudi na cheo, askari hawatamsukuma mama yako sokoni tena." Basi nikaenda kwa sababu hiyo, sio ya kuvaa kofia nzuri.

Thika, kambi ilikuwa kando ya mkonge. Asubuhi tunanyoa ndevu kwa maji baridi, tunapiga pasi kaptula mpaka inasimama yenyewe, tunasoma ramani, tunaamrisha miti kama vile ni askari. Sajini Barasa ndiye alitusimamia. Yeye pia alikuwa anangojea cheo hicho, na cheo chake kilikuwa mkononi mwa Kapteni Wickham. Alitufundisha hata kula.

"Ofisa hashiki ugali na mkono," alisema. "Uma, kisu."

"Basi ofisa hashibi, sajini," Njeru akamjibu, na Barasa mwenyewe akacheka.

Njeru alikuwa mtu wa Embu, mtu wa misheni, alikuwa amepigana Burma. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu. Kwa kusoma ramani hakuna aliyemshinda. Shida yake ilikuwa moja: L hakuwa nayo. Lori ni "rori," leo ni "reo." Tulimcheka sana, na yeye alicheka.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kutembea kutoka Thika mpaka Ruiru, vikundi vikundi, na bunduki za kweli, kwa maana barabara ilikuwa mbaya siku hizo. Njeru akawekwa kiongozi wetu. Kwenye lango la Ruiru, Kapteni na Barasa wakitungojea huko, kiongozi peke yake ndiye atatoa neno la siri. Kapteni akatupatia neno: Lulu.

"Watu wa msituni wanavaa nguo zetu siku hizi," alisema. "Lakini ulimi hawawezi kuuvaa. Hawana L."

Njeru akasimama. "Na mimi, afande?"

"Wewe unataka kuwa ofisa. Jifunze."

Tulipotoka nje nilimfuata Barasa. Nikamwambia, "Sajini, unamjua huyu. Mbadilishe, mimi nitaongoza."

"Mutua, unataka mimi nimfundishe Kapteni kazi?"

Njiani, kwenye kahawa, tulimfundisha Njeru kama mtoto.

"Sema lala."

"Rara."

"Weka ulimi juu, nyuma ya meno."

"Nimeweka. Unateremka wenyewe."

Jua likipanda alikuwa ameanza kuipata. Lulu, lulu, anaitembeza mdomoni polepole kama mtu amebeba yai. Tukampigia makofi.

Mugutha tulifika jioni. Nyapara wa shamba moja alitupa uji na mahali pa kulala, kwenye banda la magunia. Akamsikia Njeru akijisomesha, akauliza ni nini. Tukamwambia ni mazoezi tu. Mzee akacheka kidogo.

"Mimi padri arinibatiza Ruka, yure wa Injiri. Juzi askari akaniuriza jina, nikasema Ruka. Akaniambia, basi ruka. Nikaruka, na hii magoti yangu. Akasema, tena." Akatuongezea uji. Halafu akamgeukia Njeru. "Hapa unaisema vizuri. Na ukiogopa?"

Njeru alikunywa uji, akaanza tena: lulu, lulu.

Kabla ya kupambazuka tukaondoka, na Ruiru ilitupokea vile nimesema. "Simama. Neno." Nilikuwa nyuma yake hatua chache.

Kurudi Thika tulipanda lori moja, mimi na yeye, yeye chini ya turubai. Nikiwa bado hospitali wakaja maofisa wa jeshi kuuliza maswali. Kapteni Wickham alisema kiongozi aliulizwa neno, akanyamaza. Barasa akasema hivyo hivyo. Mimi nikasema nilichosikia. Wakaniambia mtu mwenye jeraha husikia mengi.

Wickham alirudi kwao Uingereza. Barasa alipata cheo chake. Mimi nilirudi nyumbani na mguu usiokunjika, na sokoni mama aliendelea kusukumwa.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukujua kwa sauti, amekula na wewe, na bado akupige kwa sababu mkubwa yuko karibu. Kwa Wickham sina njia. Lakini wewe Barasa uko, umejenga nyumba za kupangisha hapo Mwiki, afya yako nzuri. Mama ya Njeru bado yuko hai huko Embu. Aliambiwa mwanawe alinyamaza mbele ya bunduki kama mtu mwenye hatia, na majirani wanasema hivyo mpaka leo. Nimemwambia ukweli, lakini anataka kuusikia kwa aliyepiga. Njia ya Embu unaijua. Nenda umwambie: Njeru alijibu, au hakujibu?