Nyama Niliyoitia Chumvi

Daktari wetu mzungu alikuwa na magonjwa matatu tu kichwani: malaria, matende na jipu. Kila aliyeingia chumbani kwake alitoka na mojawapo. Mwenye homa, malaria. Mwenye kuvimba polepole, matende, na matende hayana haraka, arudi mwezi ujao. Mwenye kuvimba upesi, jipu, na dawa ya jipu ni kisu. Nilimfanyia kazi ya udresa, kufunga vidonda na kumtafsiria, miaka minne katika kijihospitali cha vitanda kumi na viwili, kati ya Diani na Munje, ambacho leo hata msingi wake hauonekani. Miaka yote hiyo sikumwona akifungua kitabu ila cha samaki.

Samaki aliwapenda kuliko sisi sote. Jumamosi alikwenda Diani na miwani yake ya kuzamia, akarudi na vidude vya rangi rangi ambavyo hata paka wa hospitali alivinusa akaenda zake. Alivitia katika mitungi ya kioo na kuvipanga barazani, na wageni wake wakija walisimama mbele ya mitungi hiyo wakiguna kwa heshima. Mimi ni mtu wa Majoreni, kwa watu wanaovua ili wale. Mtu mzima anayevua samaki ili amtazame nilimhesabu kuwa hana akili timamu, na kila asubuhi nilimwambia ndiyo bwana.

Sikumdharau yeye peke yake. Niliwadharau na wagonjwa, waliokaa nyumbani wakichomwa chuma na mafundi wao mpaka wameoza, kisha wakaja kututaka tuwaponye kwa sindano moja. Nilimdharau karani kwa sababu alikuwa karani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimesomea kazi Mombasa, nguo zangu nyeupe nazipiga pasi mwenyewe, na nilikuwa na yakini kwamba mwenye akili katika nyumba ile ni mmoja tu.

Basi akaja mkwezi kutoka Munje. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mkavu, kazi yake kupanda minazi ya watu na kuangua nazi. Ndani ya paja lake la kulia, juu kidogo ya goti, palikuwa na uvimbe kiasi cha limau, na juu ya uvimbe alama tatu za chuma.

"Hakiniumi kitu hiki, bwana," aliniambia. "Ila kinanizuia kuukumbatia mnazi."

Kwetu kisichouma hakikuwa ugonjwa, kwa hiyo nilimweka nyuma ya wote. Zamu yake ilipofika, daktari alibonyeza mara moja, akasema jipu, akachoma kisu. Usaha haukutoka. Ilitoka damu, nayo ikakataa kukatika, nikashindilia pamba mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Daktari aliitazama ile damu, akasema jipu halijaiva. Nilijua vizuri kwamba jipu lina moto na lina maumivu, na paja lile lilikuwa baridi. Nilijua, na bado nikamtafsiria mkwezi: nenda ukalikande kwa maji ya moto, urudi likiiva.

Alirudi baada ya miezi mitatu. "Limau limekuwa kitale," alisema, akacheka kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. Kweli lilikuwa sawa na nazi changa, na suruali hakuweza kuivaa tena, amejifunga kikoi.

Bahati yake, au tuseme nusu ya bahati, daktari wetu alikuwa likizoni. Mahali pake palishikwa kwa wiki mbili na kijana wa Kihindi kutoka Mombasa, mwembamba, mwenye sauti ndogo, ambaye nilikuwa nimemdharau tangu siku ya kwanza kwa sababu alinisalimia kabla sijamsalimia. Huyu hakushika kisu. Aliushika uvimbe kwa mikono miwili, akamwambia mkwezi akaze paja, alegeze, akaze tena. Akapapasa kinena. Akasikiliza kifua mbele na nyuma, kwa muda mrefu, mpaka foleni nje ikaanza kunung'unika. Kisha akaomba kiti akaketi karibu na mgonjwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Hili si jipu wala si matende," alisema, na nikatafsiri. "Ni nyama mbaya inayoota ndani ya nyama nzuri. Ni nadra sana. Mimi mwenyewe nimeiona mara moja tu, nikiwa mwanafunzi. Nitakata kinofu, kipelekwe Nairobi kitazamwe kwa hadubini. Ikiwa ni ile ninayoidhania, mguu utakatwa kutoka juu, na upesi, kabla haijaingia mapafuni."

Mkwezi aliutazama mguu wake. "Nikikatwa nitapanda vipi?"

"Hutapanda. Utaishi."

Mkewe alikuwa mlangoni, amejitanda kanga. Mkwezi akamtazama, akasema, "Mke wangu anasuka makuti. Hayo yanasukwa kwa kukaa. Kata, daktari."

Kinofu kilikatwa asubuhi ile ile, kadiri ya ncha ya kidole gumba. Daktari kijana aliniwekea mkononi akaniambia: kitie katika fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, iwe nyingi, mara kumi ya kinofu chenyewe, na kiondoke leo. Siku zake kwetu zilikwisha siku hiyo, na gari la kumrudisha Mombasa lilikuwa likimngoja. Akaenda.

Nilifungua kabati. Chupa ya fomalini ilikuwapo, imekauka kabisa. Fomalini yote ya hospitali ilikuwa barazani, samaki wa bwana wakiogelea ndani yake wakiwa wamekufa. Ningemwaga mtungi mmoja tu ningepata ya kutosha. Nilikwenda mpaka barazani, nikasimama mbele ya ile mitungi, nikaurudisha mkono. Mtu niliyemwona hana akili nilimwogopa kiasi cha kutothubutu kugusa kisamaki chake.

Hapo ndipo akili yangu kubwa ilipofanya kazi. Mama yangu aliweka nguru mwezi mzima bila kuoza, na hakuwa na fomalini. Nikaomba chumvi ya mawe jikoni. Nilikipasua kinofu kwa wembe kama anavyopasuliwa samaki wa ng'onda, nikakishindilia chumvi ndani na nje, nikakianika dirishani mpaka mchana, nikakifunga kwa karatasi ya nta, nikakitia katika mkebe wa tumbaku. Mkebe ukaenda kwa basi mpaka Likoni, ukavuka, ukapanda treni. Nilijisifu jioni nzima. Nilimweleza hata karani.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, na daktari wetu alikuwa amekwisha kurudi. Waliandika kwamba walichopokea kimekaushwa kwa chumvi, chembe zake zimesinyaa, hakisomeki; waletewe kingine, katika fomalini. Nilitegemea kutukanwa. Daktari hakunitukana. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho, na Jumapili akawasomea wageni wake barua ile barazani, akanionyesha kwa kidole: ndiye huyu, amewapelekea Nairobi ng'onda. Wakacheka wote, mbele ya ile mitungi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kile kinofu kilikuwa cha nani. Niliwachukia kwa chuki ambayo mpaka leo nikiikumbuka natoka jasho.

Nilipomuuliza kuhusu kinofu cha pili, daktari alisema vijana wa Mombasa wanapenda kuona makubwa, tungoje. Nikangoja. Nilingoja wiki mbili nzima nikiuguza haya yangu, nikiona aibu kumwandikia yule Mhindi kwa sababu ningelazimika kumweleza habari ya chumvi. Nilipomwandikia mwishowe, alituma gari siku ya pili kumchukua mkwezi kwao Munje, na hakunijibu neno lolote. Kinofu cha pili kilisomeka. Ilikuwa ni ile aliyoidhania. Lakini walipompiga picha ya kifua, mapafu yalikuwa yamejaa madoa, na hakukuwa na faida tena ya kuukata mguu. Wakamrudisha kwetu, alale karibu na watu wake.

Alilala kitanda cha dirishani. Akikohoa alijifunika mdomo kwa ncha ya kikoi, asiwakere wenzake. Mkewe alikaa chini kando yake, akisuka makuti kwa sababu hakujua kukaa bure. Mimi nilimfunga kidonda cha pajani, pale palipokatwa vinofu, kila asubuhi, na kila asubuhi aliniambia ahsante.

Asubuhi moja akaniuliza, "Bwana, kile kinofu cha kwanza, kilisemaje?"

Nilikuwa na bendeji mkononi. "Kilipotea njiani," nikasema.

"Nani aliyekipoteza?"

"Mtu mmoja wa kazini."

"Kama hakikupotea, ningekatwa?"

"Ungekatwa."

Mikono ya mkewe ilisimama juu ya makuti. Mimi nikaendelea kuzungusha bendeji kwa sababu sikuwa na la kufanya jingine.

"Huyo mtu ana watoto?"

Nilikuwa na wawili. "Anao," nikamwambia.

"Basi mwambie nimemsamehe, duniani na akhera. Asije akasimamishwa siku hiyo kwa ajili yangu." Akapumzika, akavuta pumzi nyingine. "Utamfikishia?"

Nikafunga fundo, nikamwambia nitamfikishia.