Kisigino Kilichochekwa

Juma lililopita, katika zahanati moja huku Kisauni, mbele yangu kwenye foleni palikuwa na mama mmoja mnene aliyekuwa akichechemea. Daktari alikuwa amemwamuru atembee kila asubuhi apunguze mwili, naye akatii, akawa anakwenda kwa miguu hadi Frere Town na kurudi. Sasa kisigino kilimuuma hata kukanyaga hawezi.

Dresa, yule mhudumu aliyekuwa akitupokea wagonjwa, hakuinua macho. "Mama, ni uzito huo. Zidisha kutembea, punguza wali."

Watu wakaangua kicheko. Yule mama akavua kiatu, akaupandisha mguu kwenye kiti kilichokuwa karibu na dresa.

"Mwanangu, sikuja hapa kuulizwa wali. Nitazame mguu!"

Dresa akakibonyeza kisigino kwa kidole kimoja. Mama akapiga ukelele, na kicheko kikakatika. Kisigino kilikuwa kimevimba, kina moto. Ndipo alipoambiwa, kwa sauti ya chini, aupumzishe mguu mpaka upoe, kisha aanze tena polepole.

Wallahi, nilikasirika hata nikasahau homa iliyonipeka pale. Maneno hayo yalishindwa nini kusemwa tangu mwanzo? Mwembamba akichechemea, twamuuliza kilichomchoma. Mnene akichechemea, twamuuliza alichokula.