Nimepokea isale, lakini saini ya benki sitoi

Admin nifiche jina, ingawa wifi zangu wakisoma watanijua tu. Wasome. Mimi ni mama wa miaka 41, nina watoto wawili, ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Moshi. Nimezaliwa Kibosho, nimeolewa Machame, naishi mtaa wa Soweto hapa hapa mjini, kwenye nyumba ambayo mimi na mume wangu, nimwite Baba K, tuliinunua kwa mkopo wa benki wa miaka kumi na tano. Mkataba na hati vina majina yetu sote wawili. Tumelipa miaka sita, na kuna miezi nililipa rejesho peke yangu yeye akiwa hana kazi. Sijawahi kumsimanga kwa hilo, leo ndiyo nalisema.

Shida ilianza Desemba. Mnatujua Wachagga na Desemba. Tulipanda Machame, binamu zake wakalala kwenye majumba yao ya vigae yanayofungwa Januari mpaka Krismasi nyingine, sisi tukalala chumba cha mama mkwe jirani na zizi la ng'ombe. Baba K hata nyama hakula vizuri. Tuliporudi mjini akaja na wazo lake: tuhamishie mkopo benki nyingine inayotoa hela zaidi, ajenge kwenye kihamba, shamba la urithi la baba yake, tuhamie huko, hii ya Soweto tupangishe.

Tukaenda kuuliza benki yetu. Binti wa mikopo akasema tukifunga mkopo kabla ya muda kuna faini, imeandikwa kwenye mkataba. Nikamuuliza, "Faini ya kosa gani?" Akasema, "Mama, ya kuwahi kumaliza." Nilicheka mpaka watu wa foleni wakageuka. Faini yenyewe ingelipa ada ya wanangu wote wawili mwaka mzima. Baba K akasema itatoka kwenye mkopo mpya. Yaani tukope ili tulipe faini ya kulipa deni, tuanze upya miaka kumi na tano, ajenge kwenye ardhi ya ukoo ambayo siku akitangulia nitaambiwa nirudi Kibosho. Na mkopo ukitushinda, benki haipandi kuchukua kihamba, inakuja Soweto kutunyang'anya nyumba mimi na wanangu. Nikamwambia sisaini.

Akaniita mchawi wa maendeleo yake, mbele ya kaka zake. Kisha akapanda kwa mama yake, akakaa wiki mbili. Nililia, sitaki kuwadanganya.

Ndipo mama mkwe akashuka Jumapili, ametoka ibadani. Mama huyu nampenda. Nikampa shikamoo, nikamwekea chai. Akafungua kanga akatoa isale, jani letu la kuombea msamaha. Akasema, "Mwanangu, mume wako amekukosea. Nimekuja kwa niaba yake, msamehe." Kwetu anayeletewa isale hakatai, hata awe ameumizwa vipi. Ukilikataa, wazee wanasema laana inabaki kwako. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema nimesamehe, na kweli nilisamehe. Mama akamshukuru Mungu. Halafu akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa fomu ya ile benki mpya. "Basi kama yameisha, weka saini hapa."

Ndugu zangu, nilichemka. Kumbe jani lilikuja na mwenzake. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, isale nimepokea. Saini sitoi." Akainuka bila kumaliza chai, akasema nimelikataa isale. Sasa habari imeenea kijiji kizima, Baba K bado yuko huko juu na hapokei simu zangu, na Jumamosi naitwa kikao cha ukoo. Wifi mkubwa ameshanitumia ujumbe: nisaini, au nibebe laana mimi na wanangu. Hapo kwa wanangu ndipo anaponinyima raha, naye anajua.

Kusaini sisaini, kwa hilo siombi ushauri. Nauliza hili, hasa ninyi wazee wa mlimani mnaosoma hapa: isale linaomba msamaha tu, au siku hizi linaombea na nyumba ya mtu? Kama kuna mahali nimelikosea heshima jani, nitapiga magoti mbele ya mama, sioni aibu. Nyumba ya wanangu ni habari nyingine. Niambieni nikiingia kwenye kikao kile nianze na neno gani. Kalamu sibebi.